Mtoto mnene na kopo la maziwa: historia ya ahadi moja

Huku kambini ukitaka kumfurahisha mama, mwambie mtoto wake amenona. "Huyu mkubwa jamani, Mungu ashukuriwe!" Hakuna anayeona ubaya. Sisi ni watu tuliotoka Fizi, Uvira, Kalemie, wengine Burundi, na kote huko tumeona watoto waliovimba miguu na nywele zikabadilika rangi kuwa kama kutu. Kule Kivu wengi huita bwaki. Mtu aliyeiona bwaki hawezi kumwogopa mtoto mnene. Kwetu unono ni ushahidi kwamba nyumba ile ina chakula na mama yule anajua kulea.

Ndiyo maana kwenye kikundi chetu cha vijana akina dada walicheka waliposikia somo la lishe likisema kunyonyesha kunamkinga mtoto na unene wa kupita kiasi. Mmoja wao, ana mtoto wa miezi 4, akauliza: "Unene wenyewe tutautoa wapi, na mgao huu?" Watu wakacheka, mtoa somo naye akacheka, somo likaendelea. Mimi nilibaki na swali lile, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu. Habari hii ya unene imetoka wapi? Je, ni kweli? Na inatuhusu nini sisi ambao unga unaisha kabla ya mwezi?

Nimesoma nilichoweza kupata, nimewauliza wauguzi, na hapa naandika nilichokipata. Tutapita Ulaya, tutarudi Katanga, tutafika mpaka Singapuri na Belarusi. Msomaji asichoke, mwisho tutarudi kwenye foleni yetu.

Unga wa Uswisi

Zamani, mama akifa wakati wa kujifungua, mtoto alitafutiwa mwanamke mwingine wa kumnyonyesha. Hapo ndipo jamii nyingi zilipata undugu wa kunyonya, na Uislamu hata leo unauhesabu undugu huo kwenye mambo ya ndoa. Kama mwanamke wa kunyonyesha hakupatikana, mtoto alipewa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, au uji mwepesi, na mara nyingi alikufa. Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Wasitudanganye kwamba wao walianza na chupa safi.

Mwaka 1865 Mjerumani mmoja, Justus von Liebig, mtaalamu mkubwa wa kemia, alitangaza chakula cha watoto wachanga: unga wa ngano, unga wa kimea na chumvi kidogo ya potasiamu, vyote vikapikwa na maziwa ya ng'ombe. Liebig aliamini kwamba ukishajua ndani ya maziwa ya mama mna nini, unaweza kuyatengeneza mwenyewe. Miaka miwili baadaye, 1867, Henri Nestlé, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia mji wa Vevey huko Uswisi, akatoa unga wake: maziwa ya ng'ombe, mkate wa ngano uliosagwa, na sukari. Unga huu ulikuwa rahisi kuliko ule wa Liebig. Hauhitaji maziwa mengine, unaongeza maji tu. Hayo maneno mawili, "maji tu", tuyakumbuke, kwa sababu mbele ya safari ndiyo yaliyoleta msiba.

Wakati huo huo kulikuwa na bidhaa nyingine. Mmarekani Gail Borden alipata hati ya kutengeneza maziwa mazito ya kopo mwaka 1856, na mwaka 1866 kampuni ya kuyatengeneza ikaanzishwa mji wa Cham, Uswisi. Yale ya sukari hayaharibiki upesi, kwa sababu sukari ni nyingi mno. Mama maskini wa mijini waliyapenda: bei nafuu, matamu, na mtoto akiyanywa ananenepa haraka. Lakini madaktari wa zamani hizo waliona jambo la ajabu. Watoto wale walikuwa wanene wa kuangalia, kumbe mifupa yao milaini, na ugonjwa ukija hawana nguvu ya kushindana nao. Unene ulikuwa wa sukari. Yaani tangu mwanzo kabisa, mtoto mnene na mtoto mwenye afya hawakuwa mtu mmoja.

Sisemi watu hawa walikuwa wabaya. Mtoto aliyefiwa na mama alihitaji kitu, na wao walitafuta hicho kitu. Tatizo lilianza pale kopo la mtoto asiye na mama lilipopelekwa kwa mtoto mwenye mama.

Mizani ya Katanga

Wengi tunadhani habari ya maziwa na mizani imeletwa na mashirika ya kambini. Hapana. Babu zetu waliikuta.

Wakati wa Kongo ya Wabelgiji, watawala walikuwa na hofu moja kubwa: watu ni wachache. Kazi ya mpira, magonjwa na kuhamishwahamishwa kulikuwa kumemaliza watu wengi, na migodi inataka wafanyakazi. Wakaanza kuangalia jinsi mama zetu wanavyozaa. Wakaona kwamba mama anamnyonyesha mtoto miaka 2, wengine 3, na katika makabila mengi wakati huo wote haendi kwa mume. Kwa wazee wetu hiyo ilikuwa akili ya uzazi: mtoto akomae, mama apumzike, ndipo mwingine aje. Kwa Mbelgiji ilikuwa kuchelewesha wafanyakazi wa kesho.

Tangu mwaka 1912 kulikuwa na chama cha wanawake wa Kibelgiji cha kulinda watoto weusi, na baadaye vikaenea vituo vya kupima watoto na kugawa maziwa. Mahali ambapo jambo hili lilikazwa ni kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière huko Katanga: Élisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, Jadotville ambayo leo ni Likasi, na Kolwezi. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilitaka mfanyakazi akae na mke wake palepale na azae palepale. Mtoto anapimwa kilo, anapewa uji na maziwa mapema, na mama anahimizwa amwachishe ziwa mapema ili apate mimba nyingine upesi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika habari hizi mwaka 1988, na mimi niliposoma nilishangaa jinsi zinavyotugusa. Watu wale nao waliishi kambini. Nao walipokea posho. Nao walipimiwa watoto na mtu aliyeandika kwenye kadi.

Sitaki kusema kupima mtoto ni ubaya. Mizani ile ile iliokoa watoto wengi pia. Ninachosema ni kwamba mtu anapokuja kukushauri kuhusu ziwa lako, una haki ya kujiuliza ushauri unamfaa nani. Katanga ya wakati ule, ushauri ulimfaa mwenye mgodi kabla ya kumfaa mtoto.

Daktari aliyeita jambo kwa jina lake

Miaka hiyo hiyo, upande wa Afrika Magharibi, kulikuwa na daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika. Alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne walikuwa wanaletwa wamevimba, ngozi inachubuka, na madaktari wengine wanakisia hiki na kile. Yeye akawauliza mama zao wanauitaje ugonjwa ule. Wakamjibu kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake akizaliwa, akiondolewa kwenye ziwa kabla ya wakati na kupewa uji mtupu wa mahindi. Mwaka 1935 aliliandika jina hilo kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, na mpaka leo dunia nzima inalitumia. Ndiyo bwaki yetu ile ile. Akina mama wa Ghana walijua sababu kabla ya vitabu.

Baadaye Williams alihamishiwa Malaya na Singapuri. Huko alikuta jambo jingine: wanawake waliovalishwa nguo kama za wauguzi wanazunguka kuwashawishi mama waliojifungua waache kunyonyesha, watumie maziwa ya kopo yenye sukari. Mwaka 1939 akasimama mbele ya mkutano wa wakubwa wa mji akatoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alisema wazi kwamba vifo vya watoto vinavyoletwa na matangazo hayo vihesabiwe kuwa mauaji. Vita vya dunia vikaja, yeye mwenyewe akafungwa na Wajapani, na maneno yake yakalala.

Baada ya vita biashara ilikua. Huko Ulaya na Marekani baadaye idadi ya watoto wanaozaliwa ilishuka, na kampuni zikaangalia zaidi Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Njia zilikuwa zile zile za Singapuri, ila kubwa zaidi: redio, mabango, wauzaji wenye sare wakiingia mpaka wodini, na makopo ya bure. Juu ya kopo pana picha ya mtoto. Mtoto gani? Mnene, mashavu yamejaa, anacheka. Ile picha iliuza kuliko maneno. Mama asiyejua kusoma aliona jambo moja: ukitaka mtoto wa hivi, nunua hiki.

Sasa tuone jinsi kopo la bure linavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Maziwa ya mama hayakai kama maji kwenye pipa. Yanatengenezwa kwa sababu mtoto ananyonya. Akinyonya zaidi yanaongezeka, akipewa chupa yanapungua. Mama aliyetumia kopo la bure kwa wiki mbili anaweza kukuta maziwa yake yamekauka, na kopo la pili si la bure tena. Linakula sehemu kubwa ya mshahara wa nyumba. Basi anapunguza: badala ya vijiko vinne anaweka viwili, kopo la siku 4 linakaa siku 8. Maji anachota mtoni au kisimani, kuni za kuchemsha ni za kuhesabu, chupa inaoshwa na maji yale yale. "Maji tu." Mtoto anahara, anakonda, anahara tena. Derrick Jelliffe, daktari aliyekuwa akifundisha Makerere, Kampala, aliupa utapiamlo huo jina mwanzoni mwa miaka ya 1970: utapiamlo uliozaliwa na biashara.

Mwaka 1974 shirika la Uingereza War on Want lilitoa kijitabu cha Mike Muller kuhusu jambo hili. Vijana wa Uswisi wakakitafsiri kwa Kijerumani na kukipa jina kali zaidi, kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ikawashtaki mjini Bern. Mwaka 1976 hakimu aliwatia hatiani watu 13 kwa sababu ya lile jina, akawatoza kila mmoja faranga 300 tu, lakini akaiambia kampuni ifikirie upya namna inavyotangaza. Fikirieni, vijana wasio na fedha dhidi ya kampuni kama hiyo. Mwaka 1977 watu Marekani wakaanza kususia bidhaa zake, na kususia kukaenea nchi nyingine.

Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukapiga kura juu ya kanuni za kimataifa za kuuza maziwa ya kopo. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikuegemea upande wowote, na moja tu ikakataa: Marekani. Kanuni zinakataza kutangaza maziwa haya kwa watu wote, zinakataza kumpa mama kopo la bure kama sampuli, na zinasema juu ya kopo pasiwe na picha ya mtoto. Yule mtoto mnene wa kwenye kopo aliondolewa kwa kura ya dunia. Nchi zetu jirani nazo zikaweka sheria zake: Tanzania ilitoa kanuni mwaka 1994, Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012.

Wakati kopo lilipotolewa kwa nia njema

Tusidhani hatari inatoka kwa wafanyabiashara peke yao. Mwaka 1985 ilijulikana kwamba virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwenye maziwa ya mama. Hofu ilikuwa kubwa, na ilikuwa hofu ya haki. Botswana, nchi yenye uwezo, iliamua kuwapa mama wenye virusi maziwa ya kopo bure. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukaenea, na mamia ya watoto wakafa. Wataalamu walipochunguza, walikuta kwamba wengi mno wa waliolazwa walikuwa watoto wasionyonya. Kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mama mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa anaweza kunyonyesha.

Mwaka huo huo wa 2006, baada ya tetemeko la ardhi huko Yogyakarta, Indonesia, misaada ya maziwa ya kopo ilimiminika bila mpango, na watoto waliopewa maziwa hayo waliharisha kuliko wenzao. Nawaandikia hasa wafanyakazi wa misaada wanaosoma jarida letu: shehena ya maziwa inaweza kutoka kwa mtu mwenye moyo mzuri kabisa.

Jinsi habari ya unene ilivyoingia

Mpaka hapa habari yote ni ya njaa na kuhara. Unene umeingiaje?

Uliingia kutoka nchi tajiri. Huko maji ni safi, kopo linanunulika, mtoto wa chupa hafi kwa kuhara kama wa kwetu. Lakini kuanzia miaka ya 1970 na 1980 waliona watoto wao wananenepa kupita kiasi, na unene huo unafuatwa na kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Wakajiuliza kama mwanzo wake ni kwenye chupa. Mwaka 1981 daktari Michael Kramer wa Montreal, Kanada, alitoa utafiti uliosema kwamba kunyonya kunaonekana kukinga. Mwaka 1999 watafiti wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, walitoa hesabu ya watoto 9,357 wa miaka 5 na 6 wanaojiandaa kuanza shule. Wale ambao hawakunyonya kabisa, asilimia 4.5 walikuwa wanene kupita kiasi. Walionyonya, asilimia 2.8. Habari ilienea kila mahali, ikaingia kwenye mabango na mafunzo, na safari yake ikafika mpaka kwenye somo letu la kambini.

Lakini kuna mtego. Kule Ulaya mama wanaonyonyesha muda mrefu mara nyingi ndio waliosoma zaidi, wana kipato zaidi, hawavuti sana sigara. Je, aliyemkinga mtoto ni maziwa au ni nyumba? Ni kama kusema watoto wenye viatu hufaulu mtihani. Kweli hufaulu, ila si viatu vilivyojibu maswali.

Huwezi kuwaamuru mama wengine wanyonyeshe na wengine waache. Kramer, yule yule wa Montreal, akatafuta njia nyingine. Alikwenda Belarusi na wenzake, wakachukua hospitali 31 za wazazi pamoja na kliniki zake, wakazigawanya kwa bahati nasibu. Upande mmoja wahudumu walifundishwa kumsaidia mama anyonyeshe vizuri na kwa muda mrefu. Upande wa pili waliendelea kama zamani. Kati ya 1996 na 1997 waliingia mama 17,046 na watoto wao. Msaada ulifanya kazi: watoto wa miezi 3, upande uliosaidiwa asilimia 43.3 walikuwa wananyonya maziwa ya mama pekee, upande wa pili asilimia 6.4. Katika mwaka wa kwanza waliougua tumbo na kuhara walikuwa asilimia 9.1 upande uliosaidiwa, na 13.2 upande wa pili. Na hiyo ni nchi yenye maji ya bomba.

Halafu wakawafuata watoto mpaka wakakua. Wakiwa na miaka 6 na nusu wakawapima, wakiwa na miaka 11 na nusu wakawapima tena. Unene? Upande uliosaidiwa haukupungua unene hata kidogo. Mtu aliyetoa utafiti wa kusifu mwaka 1981 ndiye huyo huyo aliyeleta jibu hili mwaka 2007 na 2013. Mimi namheshimu kwa hilo. Ni kweli kwamba mama wote wa Belarusi walikuwa wameanza kunyonyesha, kwa hiyo waliolinganishwa ni walionyonya zaidi na walionyonya kidogo, si walionyonya na wasionyonya kabisa. Hata hivyo, anayeahidi kwamba ziwa pekee litamzuia mtoto kunenepa, ahadi yake ni kubwa kuliko ushahidi.

Upande wa kopo nao una ya kusema. Utafiti wa nchi 5 za Ulaya, ulioongozwa na Berthold Koletzko wa Munich, uliwapa watoto maziwa ya kopo ya aina mbili, moja lina protini nyingi, jingine kidogo. Walipofika miaka 6, waliokunywa ya protini nyingi walikuwa na unene wa kupita kiasi mara mbili na zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kopo kina kazi yake. Tena mtoto wa ziwa akishiba anageuza uso na hakuna wa kumlazimisha, ila wa chupa mama anaona kimebaki kidogo, maziwa ni ghali, anamsukumia amalize. Kila mlezi anajua hilo bila utafiti.

Sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, ukweli. Mama wa kambini ameahidiwa mambo mengi. Akiambiwa "nyonyesha, mtoto hatanenepa kupita kiasi", halafu akaona mtoto wa jirani amenyonya miaka 2 na bado ni mnene, atasema somo lote ni uongo, pamoja na lile la kuhara ambalo ni kweli tupu. Njia ya mwongo ni fupi, hata kama ni mwongo mwenye nia njema. Maziwa ya mama hayahitaji kuongezewa sifa. Hayana maji ya kisimani, hayana foleni, yanamkinga mtoto na kuhara na vichomi, na katika miezi 6 ya mwanzo yanamtosha peke yake. Hizo sifa zinatosha. Tuzisome hizo, na la unene tuliseme kwa kipimo chake.

Pili, unene si habari ya mbali kama tulivyocheka. Pale kliniki mkono wa mtoto unapimwa kwa utepe wenye rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Nyekundu ni mtoto wa hatari, njano ni wa kuangaliwa, kijani yuko salama. Utepe ule umetengenezwa kutafuta wakondefu na unafanya kazi yake vizuri, lakini hauna rangi ya aliyezidi. Familia nyingi zetu zimehamishiwa Marekani, Kanada na Ulaya, nyingine zinasubiri. Mtoto aliyelelewa na mgao anafika mahali ambapo soda ni rahisi kuliko matunda, uwanja wa kuchezea uko mbali, na mama anafanya kazi usiku. Na mama huyo bado ana jicho la kambini: anaona mashavu yakijaa anashukuru. Hata hapa hapa, mwenye duka sokoni anauza biskuti, juisi ya unga na soda, na mtoto wa mwaka mmoja ananyamazishwa kwa hizo. Belarusi inatufundisha kwamba ziwa linaanzisha safari tu. Kinachowekwa mdomoni baada ya ziwa ndicho chenye neno kubwa.

Tatu, ni habari ya kumsaidia mama badala ya kumhubiria. Angalieni tena Belarusi: mama hawakutishwa, hawakuaibishwa. Waliobadilika kwanza ni wahudumu, walifunzwa namna ya kumsaidia mama mtoto ashike ziwa vizuri na namna ya kumtia moyo. Waliokuwa wananyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 3 wakawa 43 katika kila 100, wakati upande wa pili walikuwa 6. Kwetu mama anayenyonyesha anasimama juani saa nyingi siku ya mgao, anatafuta kuni, na mgao ukipunguzwa yeye ndiye wa kwanza kulala na njaa ili wakubwa wale. Tukitaka anyonyeshe, apewe foleni yake, kivuli chake na sahani yake. Na yule ambaye kweli hawezi, au mtoto aliyefiwa na mama, apate maziwa ya kopo kwa usimamizi wa kliniki, pamoja na maji salama na kikombe badala ya chupa, kwa sababu kikombe kinaoshwa kwa urahisi. Huyo asinyooshewe kidole. Kopo lilitengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Naona historia hii ina mstari mmoja. Mwenye mgodi alitaka mama aachishe mapema, mwenye kiwanda alitaka anunue, mfadhili alitaka agawiwe, na leo mtoa somo anataka akubali. Kila mmoja alikuja na mtoto mnene mkononi, wengine kama zawadi, wengine kama tishio. Mama wa Ghana, wa Kivu na wa Katanga waliulizwa mara chache sana, na walipoulizwa walikuwa wanajua.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana wenzangu. Humu kambini bado wapo wazee waliozaliwa au kulelewa kwenye kambi za migodi, Likasi, Kolwezi na kwingineko. Waulizeni mama zao walinyonyesha muda gani, walipewa nini kwenye mizani, na bibi zao walisemaje. Andikeni kwenye daftari, hata kwa penseli, na tarehe na jina la kijiji. Habari hizo hazimo kwenye vitabu vya wenye mgodi, na wazee wenyewe wanapungua kila mwaka.